TAHADHARI: Fundi friji wa "gesi imeisha" kanipiga 290,000 na kompresa yangu nzima (ile pampu inayosukuma gesi ya friji) kaondoka nayo

Siku nne najiuliza niandike au ninyamaze, maana najua kuna watakaonicheka. Chekeni, ila mkimaliza kucheka angalieni nani mmemruhusu kuingia jikoni kwenu.

Mnaonijua mnajua sipigwi kirahisi. Ni mimi yule niliyemrudisha muuza mkaa mpaka kijiweni kwake kwa sababu chini ya gunia kulikuwa na vumbi tupu. Safari hii nimeingizwa mjini mchana kweupe, ndani ya nyumba yangu, na mlango wa geti nikamshikia mwenyewe.

Friji lilianza kuzingua baada ya kujengewa lile kabati la jikoni, lile la picha mlizonijazia makopa. Maji hayapoi, maziwa yanachacha siku ya pili, na ubavu wa friji ukiugusa unaungua. Kwa joto hili la Dar nikasema labda ni hali ya hewa. Ila mama ni mgonjwa, na sindano zake za dawa zinakaa humo zipate baridi. Asubuhi nikazikimbizia kwa jirani, mchana nikaanza kutafuta fundi kama mtu aliyepoteza mtoto sokoni. Nalisema hili kabla hamjaniuliza kwa nini sikumpigia yule wa siku zote. Nilimpigia. Yuko msibani Tanga.

Namba ya huyu tapeli niliipata kwa mama mmoja tunayesomeshea watoto shule moja. Simlaumu, naye aliambiwa na mtu. Kijana akafika ndani ya nusu saa. Ovaroli safi ya bluu, begi la vifaa limepangwa, viatu kavua mlangoni bila kuambiwa. Akapita sebuleni, akamwona mama kwenye kochi, akachuchumaa kabisa: "Shikamoo mama, unaendeleaje?" Mama akafurahi, akamwombea dua. Sasa niambieni, mtu anayemwamkia mgonjwa namna hiyo utamhisi vipi? Mimi moyoni nilishamaliza kumwamini pale pale, hata jikoni hajafika.

Jikoni akauliza, "Dada, hili mmeshawahi kulijaza gesi?"

Nikasema hapana, tangu tulinunue 2019.

"Aah, basi ndiyo hapo. Miaka yote hiyo! Hata gari si linaongezwa mafuta?"

Nikacheka. Nikasema kweli. Mungu wangu, nilisema kweli.

Akanishika mkono akauweka ubavuni mwa friji. "Unasikia moto huo? Kompresa inajiua kutafuta gesi ambayo haipo." Halafu akachomoa friji gadi, kile kifaa cha kulinda friji umeme ukichezacheza, ukutani, akairudisha, akaweka kidole mdomoni. Kimya. Tukainama wote wawili nyuma ya friji tukisikiliza kama manesi wanaotafuta mapigo ya moyo. Dakika nzima, kimya. Akanitazama kwa huruma, akatikisa kichwa. "Pole dada. Imekufa."

Wenye friji gadi mmeshaelewa. Mimi ile gadi ninayo tangu TANESCO wachezee umeme wiki nzima ikaungua tivii, na najua kabisa kwamba ukiichomeka inasubiri dakika kadhaa ndipo ipeleke umeme kwenye friji, ili kompresa isiwake kwa kushtukizwa. Taa ya njano ilikuwa inawaka mbele ya macho yangu! Naijua taa ile. Kila umeme ukirudi ni mimi ninayewaambia watoto, "subirini, bado ya njano." Lakini mtu kavaa ovaroli kaniambia imekufa, nikaona imekufa.

Bado hajamaliza. Akatoa geji ya kupima presha ya gesi, ile yenye saa mbili, moja ya bluu moja nyekundu, na mipira yake. Mpira mmoja akaupitisha nyuma ya friji, mkono wake nao ukapotelea huko huko, akaninyooshea saa. "Soma mwenyewe, usije ukasema fundi kakudanganya." Mshale uko kwenye sifuri. Nikasoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza: sifuri. Sikuchungulia ule mpira kaufunga wapi. Sasa najua haukufungwa popote. Geji isiyofungwa mahali, hata ukiitundika kwenye mwembe, inasoma sifuri.

Kompresa 200,000, gesi 60,000, ufundi 50,000. Jumla 310,000. Nikabembeleza mpaka 290,000 nikajiona mjanja. Nilipotuma kwenye simu, jina lililotokea ni la mwanamke. Akasema ni laini ya mke wake. Sawa.

Akatoka, baada ya saa moja akarudi na kompresa nyeusi inang'aa, inanukia rangi. Rangi! Kitu cha kiwandani kinanukia rangi ya kupuliza na mimi nikafurahi kwamba ni kipya. Akakata bomba la ile ya zamani, nikasikia "fsss" ndefu. Nikamuuliza, si ulisema gesi imeisha? Akajibu bila kupepesa macho: "Hiyo ni hewa chafu." Sekunde chache mbele akawasha moto wa kuchomelea pale pale, dirisha limefungwa, mama yuko chumba cha pili. Nitalirudia hili kwa sababu ndilo linaloninyima usingizi, kuliko hata hela.

Alipomaliza nikampa juisi ya ukwaju, iliyopozwa kwa jirani. Akanywa, akasema tamu. Akabeba ile kompresa ya zamani, "nikupunguzie uchafu dada, hiki ni chuma chakavu tu," akaniandikia garantii ya miezi sita kwenye karatasi ya daftari la mwanangu. Nikamfungulia geti. Nikamshukuru.

Usiku likapoa. Kesho yake kwenye friza kukawa na barafu kona moja tu, kama kofia. Siku ya tatu kompresa inaunguruma kama bajaji inapanda kilima na ndani kuna joto. Vibua kilo tatu nimetupa. Maharage ya wiki nzima nimetupa. Harufu bado ipo, nimepitisha limau na magadi, ipo.

Shemeji ndiye aliyeniletea mzee mmoja, fundi wa miaka mingi. Huyu hakufungua begi. Alizunguka friji, akasoma kibandiko cha nyuma, akachutama kuitazama kompresa, akasonya. Kwenye kibandiko imeandikwa R600a, yaani aina ya gesi ya friji hili, gramu hamsini na kitu. Kompresa aliyoniwekea yule kijana ni ya R134a, iliyotumika, imekwanguliwa lebo na kupakwa rangi. Mzee akasema hizo mbili haziingiliani, gesi tofauti, na nguvu ya kusukuma tofauti. Draya, kile kichujio kinachonyonya unyevu, hakubadilisha, ile ya zamani imebaki pale pale. Wala hakuvuta hewa kwa pampu kabla ya kujaza, kwa hiyo unyevu umebaki ndani, unaganda kwenye kile kibomba chembamba kinachopitisha gesi na kuziba njia. Ndiyo maana ya ile barafu ya kona moja.

Kisha akaniuliza, ubavu ulikuwa wa moto? Nikasema unaungua. Akacheka, cheko la kusikitika. Friji la aina hii mabomba ya kutolea joto yamefichwa ubavuni. Ubavu ukiwa wa moto maana yake gesi ipo na kompresa inaisukuma. Lililoisha gesi ubavu wake unakuwa baridi. Yaani ushahidi wa uzima wa kompresa yangu ndio aliotumia kuniambia imekufa, tena kwa mkono wangu mwenyewe!

Na kuhusu gesi kuisha: haiishi. Hailiwi kama mafuta ya gari. Inazunguka humo humo mpaka friji lizeeke. Ikipungua kuna tundu, na fundi wa kweli atapaka povu la sabuni kwenye maungio alitafute kwanza, maana kujaza bila kuziba ni kumimina maji kwenye pakacha.

Tatizo langu lilikuwa nini? Kabati. Fundi seremala kalibana friji pande zote mbili, halipumui, joto halina pa kwenda. Na raba ya mlango imekakamaa upande wa bawaba. Mzee alifungia noti ya elfu moja mlangoni akaivuta, ikatoka bila hata kugusa kitu. Upande mwingine ikakaza vizuri. Angekuwa yule kijana mwaminifu angesema sogeza friji, acha nafasi ya kiganja kila upande, safisha raba kwa maji ya vuguvugu na sabuni, au badilisha raba. Ningempa 20,000 na juisi na bado ningemsifia kwa watu wote.

Sasa ile "fsss". R600a ni ndugu wa gesi ya kupikia, inawaka. Kompresa zake zina alama ya pembetatu ya njano yenye moto. Huyu mtu kaiachia jikoni kwangu kisha kawasha moto. Mzee aliposikia alinyamaza kidogo, akasema, "Mshukuru Mungu ni gramu chache." Mwizi wa 290,000 namwelewa, njaa ipo. Anayeweza kumlipua mama yangu baada ya kumpa shikamoo, huyo simwelewi, na nataka akae ndani muda mrefu. RB ya polisi ninayo, serikali ya mtaa wanajua. Wale mnaoniambia tumwite kwa kazi ya uongo halafu vijana wamsubiri kona, hapana. Hasira ninazo kuliko ninyi, lakini sitaki damu mlangoni kwangu. Nataka kompresa yangu, hela yangu, na yeye asimame mbele ya hakimu aeleze "hewa chafu" ni nini.

Mnaniuliza mtamjuaje. Ovaroli ya bluu, mpole, ana heshima za kupitiliza. Atasema gesi imeisha kabla hajagusa kitu. Geji mwambie akuonyeshe kaifunga wapi. Laini ya mke. Kompresa ya zamani usimpe, hata kama ni mbovu kweli, ikae kwako. Akikata bomba bila pampu ya kuvuta hewa kwenye begi, mtoe. Na akitaka kuwasha moto ndani na madirisha yamefungwa, mtoe mbio. Kuna mengine mzee alisema, nimesahau, nilikuwa nalia.

Namba yake inaita, akiona ni mimi anakata. Leo asubuhi nimepiga kwa simu ya mwanangu, kapokea kwa sauti ile ile ya upole: "Haloo, fundi hapa, karibu." Nikasema ni mimi wa friji. Akasema, "Dada, mtandao," akakata.

Sindano za mama bado ziko kwa jirani. Mzee anarudi Jumamosi na kompresa ya R600a, na kaniambia nitafute stuli, nikae pale nimwangalie mwanzo mpaka mwisho. Jana seremala kaja na msumeno kukata kabati upande wa friji. Anataka 40,000.