TAHADHARI: Draiva ya printa haiungui, na wala haiuzwi

Habari zenu wakuu. Naandika hasa kwa ajili ya mnaofanya kazi kwenye ofisi ndogo zisizo na mtu wa IT, na ninyi wenye steshenari ambao printa ndiyo mkate wenu. Kuna utapeli wa draiva za printa (zile programu zinazoiwezesha kompyuta kuongea na printa) unaokula watu kimyakimya. Wengi wanaoliwa hawasemi, ama kwa sababu hela yenyewe inaonekana ndogo, ama kwa kuogopa bosi. Upo wa mtandaoni, unaofanywa na watu walio mbali kabisa, na upo wa hapahapa mjini, wa fundi mwenye begi na flashi. Nimeukuta wote kwenye ofisi ninazohudumia hapa Dar.

Nianze na wa mtandaoni, maana huo ndio mbaya zaidi.

Ofisi moja ya wakala wa forodha, upande wa Ilala, ilinunua printa mpya. Laptopu za siku hizi hazina pa kuingizia sidii, kwa hiyo sidii ya draiva iliyokuja kwenye boksi haikuwa na kazi. Sekretari akaandika Google jina la printa na neno draiva, akabonyeza jibu la kwanza. Jibu la kwanza lilikuwa tangazo la kulipiwa. Juu yake kuna neno dogo "Sponsored", lakini mtu mwenye mteja anayepiga simu kila dakika kwa sababu kontena lake linahesabiwa stoji bandarini hana muda wa kusoma vineno vidogo.

Ukurasa unaofunguka unavutia kweli: nembo ya kampuni, picha ya printa yenyewe, sehemu ya kuandika modeli. Ukishaandika, unatokea mstari unaojaa polepole, eti draiva inashushwa. Ukikaribia mwisho unakwama, maandishi mekundu yanatokea kwamba imeshindikana, pamoja na namba ya kosa yenye masifuri mengi. Papo hapo kisanduku cha kuchati kinafunguka chenyewe, mtaalamu anakusalimia na kukuomba namba ya simu.

Ukweli ni kwamba hakuna kitu kilichoshushwa. Ule mstari ni mchoro tu. Mimi niliurudia ukurasa huo kwenye kompyuta yangu ya majaribio, kwenye sehemu ya modeli nikaandika "sufuria namba 5". Mstari ukajaa vilevile, ukakwama palepale, nikaambiwa kwa masikitiko makubwa kwamba draiva ya sufuria namba 5 imegoma. Ukitaka kuhakikisha, fungua folda yako ya Downloads. Utakuta hamna faili lolote jipya.

Sekretari akatoa namba. Simu ikaja WhatsApp kutoka nje ya nchi, mtu mpole sana, kila sentensi "madam". Akamwelekeza aweke AnyDesk, kisha amsomee tarakimu zilizoandikwa pale juu. Sasa hapo niwe wazi: AnyDesk yenyewe ni programu halali, hata sisi mafundi tunaitumia. Ila zile tarakimu, pamoja na kubonyeza kukubali, ndio ufunguo wa kompyuta yako. Ukishampa, yumo ndani: anaona unachoona, anabonyeza unachoweza kubonyeza.

Alipoingia hakugusa printa kabisa. Alifungua Event Viewer, sehemu ambayo Windows huandika kumbukumbu zake, akaonyesha alama nyekundu na njano zimejipanga ukurasa mzima. "Madam, hivi vyote ni virusi." Wakuu, alama hizo zipo kwenye kila kompyuta ya Windows, hata iliyotoka boksini wiki iliyopita. Programu ikichelewa kuwaka, inaandikwa. Intaneti ikikatika, inaandikwa. Baadaye akafungua ile skrini nyeusi ya amri, akaandika netstat, ikatoka orodha chini ya kichwa kinachosema "Foreign Address". Akamwambia hao ni wadukuzi wa nje waliounganishwa na ofisi yenu. Neno lile halina maana hiyo: ni anwani ya upande wa pili wa mawasiliano, iwe ni Google, ni WhatsApp, hata printa yenyewe mezani.

Kisha ndipo bei ikatajwa: dola 199 za "ulinzi wa mtandao wa printa" kwa miaka mitatu, zilipwe kwa kadi muda huohuo. Kadi ilikuwa ya bosi, bosi alikuwa bandarini, na kuchelewa kwake kupokea simu ndiko kulikowaokoa. Nilipofika nikakuta AnyDesk bado imewaka na yule bwana bado anachati, anauliza "madam" yuko wapi.

Printa ile niliiunganisha kwa waya wa USB, Windows ikaitambua yenyewe, tukaprinti. Basi. Printa nyingi za miaka ya karibuni hazihitaji hata kutafutiwa draiva. Simu za Apple zinatumia AirPrint tangu 2010, kompyuta zao nazo zikafuata, na mwaka 2013 Canon, HP, Samsung na Xerox walianzisha umoja wa Mopria ili vifaa viprinti bila draiva ya kila kampuni. Microsoft nao walitangaza Septemba 2023 kwamba wanaelekea hukohuko. Kwa hiyo kabla ya kutafuta chochote Google, washa printa, chomeka waya, subiri Windows imalize.

Ikikataa, usiitafute draiva Google. Andika anwani ya kampuni mwenyewe kule juu: HP ni support.hp.com au 123.hp.com, Brother ni support.brother.com, na printa ndogo za Canon ni ij.start.canon. Anwani ya matapeli nayo huwa na jina la kampuni ndani yake, ndiyo maana watu wanaingia mkenge. Tazama kinachotangulia mkwaju (/) wa kwanza, ukiacha ile miwili ya https://. Mwenye nyumba ni yule aliye mwisho kabisa kabla ya mkwaju huo. Jina la kampuni likiwa limegandishwa kwa vistari na maneno kama "setup" au "help", au likiwa mwanzoni halafu yanafuata maneno mengine, hapo si kwao. Na draiva kwa watengenezaji hawa ni bure. Ukifika mahali panapodai kadi ili upate draiva, umeshatoka njiani.

Sasa tuje kwa huyu wa mjini.

Ofisi nyingine, ya uhasibu, walikuwa na fundi wao. Kila printa ikigoma wanampigia, anakuja na begi, anakaa dakika kumi, anasema: "Bosi, draiva ya hii mashine imeungua." Shilingi 80,000. Risiti ya EFD hakuna, anasema mashine yake ya risiti iko matengenezo.

Draiva ni programu. Haina waya, haina kapasita, haiungui. Inaweza kuharibika faili, inaweza kuwa ya zamani, inaweza kugombana na sasisho la Windows, na tiba ya yote hayo ni kuifuta na kuiweka upya. Mtu akikwambia imeungua, au hajui kazi au anakujua wewe hujui.

Nilipoitwa, shida ilikuwa hii: bando la rauta ya ofisi liliisha asubuhi, dada wa mapokezi akaunganisha laptopu kwenye hotspoti ya simu yake ili afungue barua pepe. Printa imebaki kwenye Wi-Fi ya rauta. Laptopu na printa haziko mtandao mmoja, kwa hiyo kwenye skrini printa inaonekana "Offline". Niliirudisha laptopu kwenye Wi-Fi ya ofisi, ambayo hata bila bando bado inaunganisha vifaa vya ndani, karatasi zikaanza kutoka. Hiki ndicho kilichokuwa kinalipiwa 80,000, na kwa maelezo ya mhasibu mwenyewe si mara moja.

Lakini kilichonitia wasiwasi ni vitu alivyoacha ndani. Nilikuta UltraViewer, programu nyingine ya kuingilia kompyuta kutoka mbali, imewekewa nywila ya kudumu ili mtu aingie bila kuombwa ruhusa. Kwenye kompyuta ya mhasibu, yenye mishahara ya watu na nywila za TRA! Nilikuta pia programu ya "kusasisha draiva" inayodai kuna draiva mamia zimepitwa na wakati na inataka ilipiwe. Na kwenye foleni ya printa ya kompyuta hiyohiyo, alama ya "Use Printer Offline", inayoifanya kompyuta ishikilie kazi bila kuzituma, ilikuwa imewekwa kwa mkono. Nani aliiweka sijui, ila walioulizwa pale hakuna aliyekuwa anajua hata kwamba sehemu hiyo ipo.

Kwa hiyo kabla hamjamwita mtu, pimeni kwanza. Kama printa yenu ina kioo cha kukopia, weka karatasi, bonyeza kopi bila kugusa kompyuta. Ikitoa kopi safi, printa ni nzima. Hedi haijafa, tona haijaisha, na yeyote anayetaka kuifungua kwa bisibisi mwambie asubiri. Shida iko kwenye kompyuta au mtandao. Angalia Wi-Fi zenu ni moja. Angalia ukubwa wa karatasi, maana faili nyingi tunazotumiwa zimetengenezwa kwa Letter ya Wamarekani, printa ina A4, inakaa inapepesa taa ikidai karatasi wakati trei imejaa. Rauta ikizimwa na umeme, ikiwaka inaweza kuipa printa anwani mpya, na kompyuta ikabaki inaitafuta kwenye anwani ya zamani. Kuifuta printa kwenye orodha na kuiongeza tena kunatosha.

Kama kazi imekwama kwenye foleni na haifutiki, fungua skrini nyeusi ya amri kama msimamizi, andika net stop spooler, futa vilivyomo kwenye folda ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, usiguse folda yenyewe, halafu andika net start spooler. Mtoto wa kidato cha pili anaweza.

Kuna kosa moja tu ambalo sitawalaumu mkimwita fundi, nalo ni 0x0000011b kwa printa iliyosheawa kutoka kompyuta moja kwenda nyingine. Hilo lilianza na masasisho ya usalama ya Microsoft ya Septemba 2021, baada ya lile tundu la usalama kwenye mfumo wa kuprinti wa Windows lililoitwa PrintNightmare, na kulitatua vizuri kunahitaji mtu anayejua anachogusa. Akianza kwa kuzima masasisho yote ya Windows, huyo siye.

Wenye steshenari, lenu ni hili la Epson za matangi. Printa inagoma, taa zinapepesa, inasema pedi ya wino imefikia mwisho. Fundi anakuja na flashi yenye programu ya kurisethi, na sentensi yake ya kwanza ni "zima antivirus". Kataeni. Programu hizo nyingi ni za wizi, na hujui kilichofungwa ndani yake. Halafu kurisethi kunarudisha hesabu tu. Pedi yenyewe, ile inayonyonya wino wa kusafishia hedi, bado imejaa, na usipoibadilisha wino utavuja chini ya mashine siku moja ukiwa na kazi ya watu.

Na msidhani antivirus hupiga kelele bure. Mwaka 2025 programu za printa za Procolored, kampuni ya China, zilikutwa na virusi zikiwa kwenye ukurasa wa kampuni yenyewe. Aliyegundua alikuwa mtu wa YouTube aliyekuwa anaifanyia majaribio printa yao, antivirus yake ikakataa, na mwanzoni kampuni ikajibu kwamba ni kengele ya uongo. G DATA, kampuni ya usalama wa kompyuta ya Ujerumani, walipochunguza, mojawapo ya virusi hivyo ilikuwa inabadilisha anwani za bitcoin ambazo mtu amenakili ili hela ziende kwa mwizi.

Kama tayari umeshampa mtu tarakimu, chomoa waya wa mtandao au zima Wi-Fi kwanza, maswali baadaye. Ondoa AnyDesk, UltraViewer, TeamViewer na chochote alichoweka. Badilisha nywila za benki, barua pepe na TRA ukitumia kifaa kingine, si hiyohiyo kompyuta. Fungua mipangilio ya barua pepe ya ofisi uangalie kama kuna kanuni mpya inayotuma nakala za barua zako kwenda kwa mtu usiyemjua; watu wengi wanasahau hapo, na ndipo ankara za wateja hubadilishwa namba ya akaunti. Ulitoa kadi? Piga benki ifungwe sasa hivi. Kama tapeli alitumia namba ya simu ya hapa nchini, tuma ujumbe kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Polisi nao wapelekeeni picha za skrini na mazungumzo yote bila kufuta kitu, kwa sababu kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, hata kama aliyefanya ni fundi wenu wa siku zote.

Tangazo la Google nalo linaripotiwa, bonyeza nukta tatu pembeni yake. Lile la Ilala nililiripoti likaondoka. Wiki hiyohiyo nikakuta jingine, ukurasa uleule, jina la printa limebadilishwa.