Tangi la kamba na gapi nyumbani Lamu: uzoefu wangu na seti niliyoagiza Mombasa

Kwa mwenye haraka: seti hii ya kufugia gapi (samaki wadogo wa mapambo) na kamba wadogo wa majini ni nzuri, ila aliyeipanga alikuwa akimfikiria mtu wa nchi ya baridi. Ukiwa Lamu, lipia tangi, filta ya sponji na mimea. Hita ya kupasha maji joto na dawa ya samaki mwachie muuzaji.

Mzigo ulitoka Mombasa kwa basi hadi Mokowe, ukavuka kwa boti, na kutoka jeti hamali akausukuma kwa mkokoteni mpaka mlangoni. Kioo kilifika bila ufa, kimezungushiwa sponji kila pembe, na kwa hilo muuzaji nampa alama zote. Tangi lina sentimita 60 kwa 30 kwa 30, yaani lita 54 likijaa pomoni. Pamoja na changarawe ni zaidi ya kilo 60, kwa hivyo meza ya plastiki haifai kabisa. Langu nimeliweka juu ya baraza la mawe, chumba cha chini, mbali na dirisha. Kuta nene za matumbawe zinapoza chumba kuliko nyumba ya matofali, na jambo hili lina maana kubwa kwa kamba.

Filta ndiyo iliyonifurahisha. Pampu inasukuma hewa kwenye mrija, viputo vikipanda vinavuta maji kupitia sponji, basi. Uchafu unanasa humo, bakteria wazuri wanajenga makao humo, na kamba mchanga mwenye ukubwa wa chembe ya mchele hawezi kumezwa, tofauti na filta za mota zisizo na kichujio, ambazo zingemmeza. Kuisafisha ni kuikamua ndani ya ndoo ya maji ya tangi lenyewe. Usiipeleke kwenye bomba la mji, klorini itaua bakteria hao.

Karatasi ya maelezo inasema samaki waingie kesho yake. Tafadhali msiifuate. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa naitraiti, sumu nayo. Kundi jingine huigeuza hiyo kuwa naitreti, ambayo mimea huila. Makundi hayo huchukua wiki nne hadi sita kukamilika. Mimi nilipanda mimea, nikawa natia chembe za chakula kwenye tangi tupu na kupima maji, mpaka amonia na naitraiti zote mbili zikasoma sifuri. Ndipo nikaagiza viumbe.

Sasa maji, maana hapa ndipo Lamu inapotofautiana. Maji yetu ya visima vya vilima vya mchanga vya Shela yamepita kwenye mchanga wenye chokaa ya makombe, na kipimo changu kinasoma pH (kiwango cha uchachu wa maji) karibu na 8. Muuzaji alikuwa akinishawishi nichukue neoni tetra, samaki wa mito ya Amazoni yenye maji laini, yaani yenye chokaa kidogo. Nilikataa, nikachukua gapi, ambao hupenda maji magumu, yenye chokaa nyingi, na kamba wadogo wekundu, ambao wanahitaji chokaa ili wajenge gamba jipya kila wanapojivua. Kwa nini nipigane na kisima wakati wapo viumbe wanaokifurahia? Ila maji yakipungua kwa mvuke, chumvi na chokaa hubaki, kwa hivyo naongezea maji ya mvua niliyokinga masika, siongezi ya kisima.

Na samaki ndani ya nyumba si jambo geni kwetu. Mabirika ya zamani yalikuwa na samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na chini ya birika lilizikwa bakuli la kauri ili samaki wabaki na maji hata likikaushwa. Gapi wangu wanaifanya kazi hiyohiyo kwa bidii.

Kamba walifika ndani ya mfuko uliotiwa oksijeni, kwenye kuliboksi, wote hai. Niliwahamishia kwenye bakuli pana, nikachukua mpira wa dripu wa dukani, nikaufunga fundo, maji ya tangi yakaanguka tone kwa tone mpaka yakazidi mara mbili yale waliyokuja nayo. Kazi ya saa nzima, na inafaa kila dakika. Baadaye utaona kitu cheupe kama kamba mfu kimelala kwenye changarawe. Kitazame karibu, kina mpasuko nyuma ya shingo na ndani ni kitupu. Ni gamba. Liache, wanalila.

Lawama yangu kubwa ni chupa ya dawa ya samaki. Lebo yenyewe inataja shaba, na shaba kidogo tu huua kamba. Kuifunga pamoja na seti inayouzwa kwa wafuga kamba si haki, na nimemwandikia muuzaji hivyo. Dawa ya mbu ya kupuliza nayo ni hatari vilevile, maana pampu huivuta pamoja na hewa. Chumba hicho tunatumia chandarua.

Hita haijawahi kuchomekwa. Siku za kaskazi maji yanafika nyuzi 30, na kamba wanaanza kutaabika. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji inashusha nyuzi mbili tatu. Umeme ukikatika nachomeka pampu ya akiba kwenye pawabenki, kwa sababu maji ya moto hubeba oksijeni kidogo na hayangoji.

Mimea: anubia na kangaga la Java zimetia majani mapya chini ya taa ya kawaida ya seti. Mashina yake yanafungwa kwenye jiwe kwa uzi, ukiyafukia yanaoza. Mosi ya Java, mmea mwororo wa nyuzinyuzi, ndiyo ningeiongeza mara mbili, kwa kuwa gapi huwala kamba wachanga, na wanaopona ni wale waliojificha ndani yake. Jike mmoja sasa ana mayai ya manjano chini ya tumbo, anayapepea kwa miguu bila kupumzika. Wiki tatu hivi yataanguliwa, na oda yangu ya mosi nimeshaituma.