Gemu ya elfu arobaini na kuta zake za hewa

Nilidhani pedi ya kuchezea gemu imekufa. Nimefika kwenye uzio wa mbao unaoishia magotini, nabonyeza kuruka, jamaa wa kwenye gemu anaruka, anagota hewani, anarudi chini. Nabonyeza tena, vilevile. Mdogo wangu akadakia, "Kaka, si nilikwambia hiyo pedi iliangukaga?" Tukaazima ya jirani hapa Nkuhungu. Ikagota palepale.

Kumbe ni ukuta usioonekana.

Gemu yenyewe siitaji jina. Ni ya kuwinda na kuzurura milimani, diski ya mtumba, nilitoa elfu arobaini. Picha ni kali, hilo siwezi kulikana. Majabali yake yamerundikana kama haya yetu ya Dodoma, na hapo ndipo panaponiuma, maana mtoto wa hapa akiona jabali anatafuta kwanza pa kuweka mguu. Humu ndani jiwe ambalo hata bibi angelipanda na kanga yake, wewe hulipandi.

Naelewa kwa nini kuta hizi zipo. Kile unachokiona na kile kinachokuzuia ni vitu viwili tofauti: juu kuna picha ya jiwe au nyasi, chini yake watengenezaji wameweka umbo jepesi, mara nyingi boksi tu, na kompyuta inalihesabu boksi. Ng'ambo ya mpaka hakuna kitu. Ukipita utadondoka nje ya ramani. Lazima uzuiwe mahali fulani, sina ugomvi na hilo.

Ugomvi wangu ni namna ya kuzuiwa. Kumbukeni gemu ya GTA San Andreas ya mwaka 2004. Ukivuka daraja kutoka Los Santos, mji unaoanzia, kabla ya wakati wake, unapigwa nyota nne za kusakwa, polisi wanakuja juu. Umezuiwa, ndiyo, lakini kwa sababu inayoeleweka, na ukiwa mbishi unajaribu bahati yako. Gemu ya Breath of the Wild ya 2017 nayo inakuachia upande karibu kila mwamba. Kinachokushusha ni pumzi kuisha, au mvua ikufanye uteleze. Mvua naikubali.

Hii yangu inakuchorea njia, tena na nyayo za watu, halafu inakugotesha katikati. Mbaya zaidi, kuta zinamzuia mchezaji peke yake. Fisi alikuja kupitia uwazi kati ya miti miwili, akaning'ata, akarudi kulekule. Nikamfuata nimalizane naye, nikagota. Akasimama ng'ambo ananitazama. Mdogo wangu alicheka mpaka akalala chini.

Kwa picha na sauti ningeipa nne kati ya tano. Kwa kutembea, moja, na gemu yenyewe ni ya kutembea. Basi mbili. Diski haina mkwaruzo. Mwenye moyo wa subira aje tuelewane bei.