Boksi la keria la lita 400: linawafaa mke na mume wanaozunguka kusalimia ndugu na makanisa?

Watu wawili kwenye gari la viti vitano hawana shida ya nafasi wakiwa njiani. Buti inameza masanduku mawili, na yaliyobaki yanatupwa kiti cha nyuma. Shida huanza mkishafika. Jumapili asubuhi mama mkwe anataka kwenda ibadani na gari lenu, shangazi naye yumo, na kuna kijana wa kwaya mwenye kinanda mkononi anaomba lifti. Kiti cha nyuma kimejaa mablanketi, viatu na zawadi za nyumba tatu ambazo hamjazifikia. Sasa mnashusha mizigo mkiwa mmeshavaa suti na gauni.

Hapo ndipo boksi la juu ya gari linapolipa gharama yake: linaacha viti wazi kwa ajili ya watu. Anayelinunua ili abebe vitu vingi zaidi atajuta, na sababu ni uzito.

Tunaloliangalia ni boksi gumu la plastiki la lita 400 hadi 450: urefu sentimita 190 na kitu, upana 90, kimo 40 na ushei. Likiwa tupu lina kilo 15 hadi 20. Ndani linaonekana kubwa kama kabati, na hilo ndilo linalowapoteza watu. Fungua kitabu cha gari utafute uzito unaoruhusiwa juu ya paa. Magari mengi madogo yanaruhusu kilo 75, mengine 50 tu, mengine 100. Namba hiyo ni ya jumla, siyo ya mizigo peke yake. Ukitoa kilo 5 za vyuma vya keria na 18 za boksi, kwenye 75 umebakiwa na 52. Kwenye gari la kilo 50 umebakiwa na 27, yaani sanduku moja lililojaa vizuri. Boksi nalo lina kikomo chake kilichobandikwa ndani. Kati ya namba hizo mbili, fuata iliyo ndogo.

Kwa hiyo vinavyopanda juu ni vitu vyenye umbo kubwa na uzito mdogo: mablanketi, mito, majoho ya kwaya, viatu, nguo za siku za mwisho wa safari. Katoni ya Biblia za kugawa isipande. Biblia 24 za gramu 800 kila moja ni kilo 19 na zaidi, na uzito huo ukiwa juu unalifanya gari lilale kwenye kona na kuyumba upepo wa ubavuni unapovuma. Katoni ikae butini, chini kabisa, imegusa mgongo wa kiti. Gitaa pia libaki ndani ya gari. Boksi jeusi lililoegeshwa juani linageuka jiko, na joto hilo linalainisha gundi inayoshika daraja la nyuzi.

Suti na gauni la ibada ndizo zinazouliziwa sana. Kuzitundika kwenye kishikio cha juu ya dirisha la nyuma hatushauri: zinamziba dereva asione ubavuni, na kwenye magari yenye mifuko ya hewa ya pembeni hanga ngumu pale juu ni hatari mifuko ikifyatuka. Laza ganda la suti (ule mfuko wa kuifunika) kwenye boksi, juu ya vitu vyote, bila kulikunja, kwani sentimita 190 zinatosha kabisa. Likiwa juu ndilo la kwanza kutoka, na hamtapekua mizigo yote nje ya nyumba ya mchungaji.

Ufungaji unahitaji watu wawili na kama nusu saa. Vyuma vya keria vifungwe kwanza, kwa umbali uliotajwa na mtengenezaji wa boksi. Pandisha boksi likiwa tupu, lilaze katikati, kisha kabla ya kukaza chochote fungua mlango wa nyuma wa gari polepole hadi mwisho. Mlango ukigonga boksi, sogeza boksi mbele. Wengi huruka hatua hii na kugundua baadaye kwamba buti haifunguki hata nusu, au boksi limechubuka kona. Angalia pia antena. Kaza vibano, yaani vinavyoshika boksi kwenye vyuma vya keria, kwa zamu, kidogo kidogo, mbele kushoto na nyuma kulia, kama unavyokaza nati za gurudumu. Jaribio la mwisho: shika boksi ulitikise kwa nguvu. Gari zima litikisike nalo. Boksi likicheza peke yake, bado. Simama tena baada ya kilomita 50 ukaze upya, maana mtikisiko wa mwanzo hulegeza vibano vilivyokuwa havijakaa sawasawa.

Ndani, vizito kidogo vikae katikati, kati ya vyuma viwili, na vyepesi ncha zote mbili. Funga mikanda ya ndani hata mzigo ukiwa mchache. Breki ya ghafla inakitupa kila kisichofungwa, na boksi lililo nusu tupu linaipa mizigo nafasi ya kukimbia kabla ya kugonga pua.

Mafuta yataongezeka, usidanganywe na umbo la mchongoko. Takwimu za serikali ya Marekani kuhusu boksi kubwa lenye pua butu zinasema ufanisi wa mafuta hushuka kwa asilimia 2 hadi 8 mjini, na asilimia 10 hadi 25 kwenye mwendo wa kilomita 105 hadi 120 kwa saa. Ukinzani wa hewa unakua kwa mraba wa mwendo, hivyo kupunguza kutoka 110 hadi 90 kunaokoa zaidi kuliko kutafuta boksi la bei mbaya. Maboksi mengi yamewekewa kikomo cha kilomita 130 kwa saa. Kwa maoni yetu hata hiyo ni kasi ya kupita kiasi ukiwa na mzigo juu. Ongeza upepo wa tairi kufikia kiwango cha gari lililojaa. Mkifika mahali pa kukaa wiki nzima, lishusheni. Boksi tupu linakula mafuta kama lililojaa, karibu sawa.

Jambo jingine dogo lenye hasara kubwa ni kimo. Gari la mita 1.5 likiwekewa keria na boksi linapita mita 2, na maegesho mengi ya chini ya majengo yanaishia hapo hapo. Pima, andika namba kwenye kikaratasi, bandika kwenye dashibodi.

Mfuko laini wa turubai ni rahisi zaidi, na ukiisha kazi unakunjwa. Kwa safari moja tu unatosha. Lakini maji huingia kwenye zipu, kwa hiyo zipu itazame nyuma, na mikanda ikipitishwa milangoni mvua hufuata mkanda hadi ndani ya gari. Mkanda ukivuma njiani, usokote mara moja, kelele itaisha.

Ukichagua boksi gumu, chukua linalofunguka pande zote mbili. La upande mmoja litakuweka upande wa magari yanayopita, au litafungukia ukuta wa mwenyeji.

Kosa kubwa zaidi hutokea wakati wa kuagana. Mmefunga kila kitu, mmeombewa safari, injini inanguruma, kisha mtu anatoka mbio jikoni na mfuko mmoja wa mwisho. Boksi linafunguliwa, mfuko unasukumwa, mfuniko unashushwa huku mnapunga mikono, na lachi (komeo) moja haijashika. Kwenye maboksi mengi ufunguo hautoki mpaka lachi zote zishike. Basi utie ufunguo wa boksi kwenye pete moja na ule wa gari. Usipotoka kule juu, hamwondoki.