Hedseti Isiyopiga Kishindo Unapozima Maikrofoni: Ipi Ununue na Ipi Uiache

Malalamiko yanayonifikia mara nyingi kuhusu hedseti hayahusu sauti hafifu wala mito inayobana masikio. Yanahusu kile kishindo cha "tap!" kinachowarukia wasikilizaji kila mara mzungumzaji anapozima au kuwasha maikrofoni yake. Mvaaji mwenyewe kwa kawaida hakisikii, kwa hiyo huwakera wenzake mkutano mzima bila kujua, na akishaambiwa hukimbilia kununua hedseti ya bei kubwa zaidi ambayo huenda ikawa na kasoro ile ile. Uzito, rangi na uzuri wa besi vimeshaelezwa vya kutosha na wengine. Mimi naangalia mahali ilipo swichi ya kunyamazisha na kitu inachokikata.

Maikrofoni ya hedseti nyingi za waya ni ya aina ya elektreti. Ndani yake mna transista ndogo inayohitaji umeme wa volti chache, na kompyuta au simu huupeleka umeme huo kupitia waya ule ule unaorudisha sauti. Swichi rahisi iliyowekwa kwenye waya huo huukata au huugusanisha na waya wa ardhi (waya wa pamoja wa kurudishia umeme), na papo hapo volti hupanda au kushuka kwa mkupuo. Kadi ya sauti haina namna ya kutofautisha mruko huo na sauti ya kweli, hivyo huupokea kama kishindo ambacho mara nyingi huwa kikubwa kuliko neno lolote ulilolisema. Isitoshe, vipande vya chuma vilivyo ndani ya swichi havigusani mara moja vikatulia, bali hudundadunda kwa milisekunde kadhaa. Mambo huzidi kuharibika pale programu ya mkutano inaporekebisha kiwango cha sauti yenyewe, kwa kuwa huenda ikawa imekipandisha wakati wa ukimya, na maikrofoni inapowashwa kishindo huingia kikiwa kimekuzwa.

Dawa yake inajulikana miaka mingi. Fundi huweka kapasita (kipande kinachohifadhi chaji na kupitisha sauti lakini kuzuia volti tulivu) kati ya waya wa maikrofoni na swichi, kisha huweka rezista kubwa (kipingamizi cha umeme) sambamba na swichi ili kapasita ibaki imechajiwa hata swichi ikiwa wazi. Hapo swichi inapofungwa, yaani inapounganisha njia, sauti hupelekwa kwenye waya wa ardhi huku volti ya maikrofoni ikibaki palepale, na kishindo hupungua sana. Ni vipande viwili vya bei ndogo mno, na ndiyo maana inaniudhi kuona watengenezaji wakivinyima nafasi huku wakitumia fedha kuweka taa za rangi kwenye vikombe vya masikio.

Njia bora zaidi ni kunyamazisha sauti baada ya kugeuzwa kuwa tarakimu. Katika hedseti ya USB iliyotengenezwa vizuri, maikrofoni haikatiwi umeme hata kidogo, kwani kitufe huiambia tu chipu ipeleke sifuri badala ya sauti. Kinachobaki ni mlio wa kitufe chenyewe na msuguano wa kidole, ambao husafiri kupitia plastiki hadi kwenye maikrofoni. Kwa sababu hiyo natanguliza hedseti yenye kidhibiti kwenye waya, mbali na mdomo, kuliko yenye kitufe kwenye kikombe cha sikio.

Nafasi ya kwanza naipa Poly Blackwire 3220, na sifichi kwamba naipendelea kampuni hii. Ni ile iliyoitwa Plantronics, ambayo hedseti yake ilitumika katika safari ya mwezini ya mwaka 1969, na ambayo tangu mwaka 2022 imo mikononi mwa HP. Ukikuta bidhaa ileile ikiuzwa kwa majina tofauti, usishtuke. Kitufe chake cha kunyamazisha kiko kwenye kidhibiti cha waya, na unaweza kukibonyeza kikiwa mezani bila kuugusa mkono wa maikrofoni. Blackwire 3225 ina pia plagi ya milimita 3.5 kwa ajili ya simu, lakini ukiichomoa kwenye sehemu ya USB, kidhibiti hubaki kwenye kompyuta na kitufe hicho hunacho tena.

Nafasi ya pili ni Jabra Evolve2 65 na Logitech Zone Wireless, ambazo hunyamaza unapoinua mkono wa maikrofoni. Hazina waya, na ishara yake ni ya wazi kwa sababu mkono ukiwa juu hakuna anayekusikia. Hata hivyo, unalazimika kuushika mkono uleule uliobeba maikrofoni, kwa hiyo uinue taratibu kwa kuushikia karibu na bawaba. Nafasi ya tatu ni EPOS GSP 300, ambayo nayo hunyamaza kwa kuinuliwa, lakini hutumia plagi ya milimita 3.5. Hapo kiasi cha kishindo hutegemea pia kifaa unachoichomeka, basi ijaribu kwenye mashine yako mwenyewe kabla ya kutupa risiti.

Zile za bei ya chini kabisa zenye swichi ya kusukuma kwenye waya wa milimita 3.5 sizipangi. Kama unayo tayari, iache swichi ikiwa imewashwa na uzime maikrofoni ndani ya programu: Ctrl+Shift+M kwenye Teams, Alt+A kwenye Zoom ya Windows.

Kinachonikera zaidi ni wauzaji. Maelezo ya bidhaa hutaja kipenyo cha spika na urefu wa waya, kisha huandika "ina kitufe cha kuzima maikrofoni" na kunyamaza. Hata neno USB halitoshi, kwa kuwa swichi inaweza kuwekwa kabla ya chipu na kishindo kikabaki vilevile. Muulize muuzaji swali hili: nikibonyeza kitufe, alama ya maikrofoni kwenye programu ya mkutano inabadilika? Ikibadilika, hiyo ni dalili nzuri kwamba kitufe kinazungumza na kompyuta badala ya kukata waya.

Hedseti ikishafika, fungua Audacity, programu ya kurekodi sauti, anza kurekodi ukiwa kimya, kisha zima na uwashe maikrofoni mara kadhaa. Kuza mstari wa sauti na utazame pande zote mbili, kwani zipo zinazozima kimya na kupiga kishindo wakati wa kuwasha. Ukiona miiba mirefu iliyosimama wima, irudishe siku hiyohiyo, na usikubali kuambiwa kwamba programu ya kupunguza kelele itaiondoa.