Simu ya Milioni Tatu na Nusu Imekaa Mtwara Wiki Tatu: Bei Yake Inaeleweka?

Ntwara kuchele! Karibu tena, ndugu mtazamaji. Leo tuko nje, ufukweni hapa Shangani, kwa hiyo ukisikia mvumo ni upepo wa bahari, simu yako haina tatizo.

Nina simu mbili mkononi. Hii ya kulia ni ya milioni tatu na nusu. Hii ya kushoto ni ya laki tatu na nusu. Mara kumi kamili. Zote nimezivalisha kava jeusi na majina nimeyaziba makusudi, maana tukianza kubishana kampuni gani inashinda nyingine, hatutamaliza leo. Ninachotaka tukijue ni kimoja: hiyo milioni tatu na laki moja na nusu iliyo katikati yake inakwenda wapi?

Swali limetoka kwa kaka mmoja wa Tandahimba. Ameniandikia kwamba minada ya korosho ikianza, mzee wake amemwahidi fungu lake, na anataka fungu lote aliweke kwenye simu ya daraja la juu. Akamalizia hivi: "Nimechoka kudharauliwa kwa sababu ya simu." Kaka, nimeusoma ujumbe wako mara nyingi. Mtu aliyepulizia salfa kuanzia alfajiri, akaja kuinama kuokota korosho msimu mzima, ana haki ya kununua anachokipenda. Ana haki pia ya kuambiwa ukweli kabla hajalipa, ndiyo maana nimekaa na simu hizi wiki tatu nzima.

Tuhesabu kwa kipimo cha kwetu. Chukulia kilo ya korosho ghafi shilingi 3,000, na tusiguse makato kwanza. Simu ya kulia ni kilo 1,167. Kwa gunia la kilo 80, hayo ni magunia karibu 15. Ya kushoto ni gunia moja na nusu. Weka hiyo picha kichwani tunavyoendelea.

Tena bei hizi hazikuanza hapa. iPhone ya kwanza, mwaka 2007, ilianzia dola 499 kule Marekani. Mwaka 2017 ikaja iPhone X kwa dola 999, watu wakashangaa, kisha wakazoea. Mpaka iPhone 16 Pro ya 2024, bei ya kuanzia kule ilikuwa 999 ile ile. Ikifika kwetu unaongeza kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, usafiri, faida ya muuzaji, na shilingi yetu ilivyosimama mbele ya dola siku hiyo.

Sasa kamera. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo simu ya bei kubwa imenishika mkono kweli.

Nilikwenda nazo harusini Mikindani, usiku, uani, taa zenyewe zile za rangi zinazozunguka. Nikapiga picha ile ile kwa simu zote mbili: bibi harusi anatoka, watoto wanakimbia mbele yake. Tazama hii ya kushoto. Uso wa bibi harusi unaonekana, lakini mtoto amekuwa ukungu, na lile giza la nyuma limejaa chengachenga. Sasa tazama ya kulia. Unaona ushanga shingoni mwa mtoto. Unaona hina mkononi mwa bibi harusi. Sikuhariri chochote.

Kwa nini? Nyuma ya lenzi kuna kidude kinachopokea mwanga, mafundi wanakiita sensa. Kwenye simu ya kulia sensa ni kubwa zaidi. Ni sawa na kuweka sufuria na kikombe nje mvua inaponyesha: kwa dakika ile ile moja, sufuria inakusanya maji mengi zaidi. Tena lenzi yake imekaa juu ya vishikizo vinavyojisogeza kidogokidogo kufidia mtikisiko wa mkono. Kwa hiyo usiku haihitaji kubahatisha.

Na hapa nikuonye jambo. Nyuma ya hii ya kushoto kuna macho matatu. Ukisoma boksi lake vizuri, moja ndilo linalofanya kazi yenyewe, megapikseli 50. Mengine ni ya megapikseli mbili, yamekaa pale kwa sura tu. Usihesabu macho dukani. Omba wazime taa, upige picha.

Kwa hiyo wewe unayepiga picha za harusi, unayerekodi vigodoro, unayeuza vinyago au nguo mtandaoni, simu ya kulia ni chombo cha kazi. Ukilipwa laki mbili kwa harusi moja, harusi 18 imejilipa, na picha zako zitakuitia kazi nyingine. Kwa mtu huyo mimi nasema nunua, usiogope.

Kioo nacho nakisifu. Jua la saa saba mchana hapa ufukweni, hii ya kulia naisoma bila kuweka kiganja juu yake. Ya kushoto lazima nitafute kivuli. Dereva wa bodaboda anayefuata ramani ataelewa ninachosema.

Baada ya hapo pengo linaanza kuziba, na linaziba haraka.

Betri: zote mbili zina milliamp-saa 5,000. Zote! Siku umeme ulipokatika tangu asubuhi, nilizitumia sawasawa, WhatsApp, video kidogo, kupiga na kupokea. Kufika magharibi, ya kulia imebaki robo, ya kushoto imebaki karibu nusu. Kioo kile kinachong'aa kinakula. Na joto ni adui wa betri ya aina hii bila kujali bei. Apple wenyewe wanashauri simu zao zitumike kwenye joto la sifuri mpaka nyuzi 35. Iweke mbele ya bajaji mchana wa Desemba, umeshavuka hapo. Yangu ya kulia ilipata moto ikajipunguzia mwanga yenyewe, nikasubiri ipoe.

Mtandao je? Nilipanda nazo mpaka Nanyamba, laini mbili za kampuni moja, bando lile lile. Mnara ni ule ule, na kasi niliyoipata ni ile ile. Mama anayeniuzia chapati na chai pale sokoni nilimlipa kwa M-Pesa, nikabonyeza *150*00#, na huduma hiyo hiyo ingepatikana hata kwenye kiswaswadu cha tochi. Pesa tunayotuma na kupokea kila siku haijui simu yako ni ya shilingi ngapi.

Maji. Hili liko moyoni mwangu kwa sababu sisi ni watu wa pwani. Boksi la kulia limeandikwa IP68, alama ya kuzuia vumbi na maji, na muuzaji atakwambia "hii unaogelea nayo". Ndugu yangu, kipimo kile kinafanyika maabara kwa maji baridi yaliyotulia. Chumvi haimo. Chumvi inakula shaba ya tundu la chaji polepole, huoni mpaka siku inakataa kuchaji. Na ukisoma waranti, kwa mfano ya Apple, wanaandika wazi kwamba uharibifu wa maji haufunikwi. Wavuvi hapa Shangani wanatia simu kwenye kopo lenye mfuniko kabla ya kushuka majini. Fanya hivyo hivyo na ya milioni tatu.

Sasa nifike kwenye lile ambalo kwa mkazi wa Mtwara au Lindi lina uzito kuliko yote, na matangazo hayaligusi: simu ikiharibika, unaipeleka wapi?

Mwaka 2024 nilikuwa na simu nyingine ya bei kubwa. Mwishoni mwa Aprili ikazima, haikuwaka tena. Iko ndani ya waranti. Duka lililoniuzia wakasema lazima iende Dar, zaidi ya kilomita 550. Nikaipakia kwenye basi. Siku chache baadaye ikaja mvua ya kimbunga Hidaya, barabara ya Dar na Lindi ikakatika kule Somanga, madaraja yakasombwa, mabasi yakakwama. Hata barabara ilipofunguka, nilizungushwa: kesho, wiki ijayo, kipuri hakijafika. Wiki saba. Kazi zangu zote zilikuwa kwenye simu ile, na wateja wangu walipata mtu mwingine. Mpaka leo inaniuma.

Ya kushoto nayo ilianguka wiki iliyopita ngazini, kioo kikapasuka. Nikaenda kwa fundi Soko Kuu asubuhi, mchana ninayo. Kioo cha hii ya kulia nimekiulizia bei: kinanunua simu za kushoto mbili, na ni cha kuagiza.

Kuna wanaosema simu ghali inadumu, kwa hiyo mwisho wa siku ni rahisi. Tupige hesabu. Samsung walipotoa Galaxy S24 Ultra Januari 2024, waliahidi masasisho ya programu na usalama kwa miaka saba, na hiyo ni ahadi nzuri. Milioni tatu na nusu kwa miaka saba ni laki tano kila mwaka, na betri lazima utaibadilisha njiani. Ya laki tatu na nusu ikikaa miaka miwili tu, ni laki moja na elfu 75 kwa mwaka. Hesabu inaikataa ile hoja.

Lakini na mimi siipendi ya kushoto, niseme wazi. Hifadhi yake ni ya aina ya polepole, ukiijaza picha inaanza kukwama, na masasisho yake yanaisha mapema. Ninayoipenda haipo mkononi leo: ya katikati, laki sita mpaka laki tisa. Mwaka huo huo wa 2024 Samsung walitoa Galaxy A16, si simu ya matajiri, wakaiahidi miaka sita ya masasisho. Miaka mingi ya huduma imeshashuka chini, huhitaji magunia 15 kuipata. Laki tisa ni magunia manne kasoro.

Wa simu zilizotumika, zile za kutoka Dubai, video yenu inakuja. Kwa leo: bonyeza *#06# mbele ya muuzaji, itatokea namba ya utambulisho wa simu, ilinganishe na ya kwenye boksi, na kama ni iPhone fungua mipangilio uone hali ya betri kabla ya kutoa hela.

Kaka wa Tandahimba, hukuniambia una kazi gani na simu. Kama ni picha za kulipwa, nimeshakujibu. Kama sivyo, chukua ya katikati, magunia 11 yanayobaki yana kazi nyumbani kwenu. Mnada wa kwanza nitakuja huko kurekodi, na hizi mbili nitakuwa nazo. Njoo uzishike mwenyewe. Tutasubiri giza liingie, umpige picha mzee wako chini ya mkorosho wake kwa zote mbili, umwonyeshe, umwambie na bei.