Windows 10 imefika mwisho: laptopu yako ya zamani uifanyeje?

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft imeacha kuihudumia Windows 10. Kompyuta bado inawaka, lakini tundu la usalama likigunduliwa leo linabaki wazi. Sisi wa hapa Busia tunaochapa na kutoa kopi, tunaochomeka flashi za wateja kutwa nzima, hilo linatugusa moja kwa moja. Kabla hujapanda taksi kwenda Kampala kununua nyingine, hivi ndivyo ningezipanga njia zilizopo.

Ya kwanza ni SSD, yaani diski ya kasi isiyo na sehemu inayozunguka, pamoja na Linux Mint, mfumo unaochukua nafasi ya Windows. Mezani kwangu kuna ThinkPad T440 yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha nne, ambayo Windows 11 haiipokei. Nilifungua skrubu za chini, nikatoa diski ya zamani, nikaweka SSD ya inchi 2.5 na kuongeza RAM ya GB 4 kwenye nafasi yake moja. Zamani nilikuwa naiwasha, naenda kufungua madirisha ya duka, nikirudi duara bado linazunguka. Sasa hata kiti sijakivuta iko tayari. Mint 22 ni ya bure na itapata masasisho hadi 2029. LibreOffice, programu yake ya ofisi, inafungua barua na CV za Word bila shida, ingawa mpangilio wa kurasa huweza kuhama kidogo. Faili ya Excel yenye makro (amri zinazojiendesha) inaweza kugoma, na Photoshop haimo. Kwa hiyo iweke kwanza kwenye flashi, uwashe kompyuta kwa flashi hiyo bila kugusa diski, ujaribu printa na Wi-Fi yako.

Kama kazi yako haiwezi kuachana na programu ya Windows, jiandikishe kwenye masasisho ya ziada ya Windows 10, yanayofika 13 Oktoba 2026. Ada ni dola 30, zaidi kidogo ya shilingi laki moja za Uganda, lakini ukiwa na akaunti ya Microsoft na ukakubali mipangilio yako ihifadhiwe huko, hulipi kitu. Tumia muda huo kuweka akiba.

Akiba hiyo ni ya njia ya tatu: laptopu iliyotumika, ya Intel kizazi cha nane au zaidi. Hapa ndipo watu wanaumia. Muuzaji atakuambia, "Ni Core i5, mama," na kibandiko kinasema hivyo kweli. Wewe fungua mipangilio, usome namba nzima: i5-8250U inaingia Windows 11, i5-7200U haiingii. Kisha andika tpm.msc kwenye sehemu ya kutafutia, uone kama TPM, chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai, ni 2.0. HP EliteBook 840 G5 huwa inafaa. G4 inafanana nayo sana, lakini ina prosesa ya kizazi cha saba au cha sita.

ChromeOS Flex, mfumo wa bure wa Google, naiweka nyuma. Ni nyepesi, inaridhika na RAM ya GB 4, ila bila intaneti haikufikishi mbali, na bando tunazijua.

Ya mwisho kabisa ni kuilazimisha Windows 11 kwenye mashine isiyokubalika. Mafundi wengi wanaiweka haraka, lakini Microsoft haiahidi kuipa masasisho. Fundi akikushawishi, muulize kwanza ataifanyaje siku masasisho yakikataa, na wakati huo faili zako ziwe tayari kwenye diski nyingine.